Je, kusini hatuumwi kipandauso? Tuusome tena utafiti wa mwaka 2004

Mwaka 2004 jarida la Cephalalgia, ambalo kazi yake ni maumivu ya kichwa tu, lilichapisha utafiti wa nyumba kwa nyumba kuhusu kipandauso katika vijiji vya kusini mwa Tanzania. Mwandishi wa kwanza ni Dent. Kati ya wenzake wamo Matuja, daktari wa mfumo wa neva wa Muhimbili, na Schmutzhard wa Innsbruck, Austria. Kwa mtu wa Nachingwea au Ruangwa, hii ni mojawapo ya tafiti chache sana za ugonjwa huu zilizofanyika upande wetu wa nchi. Basi tuisome kwa makini, maana namba zake bado zinatajwa kila wataalamu wanapoandika kuhusu kipandauso Afrika.

Matokeo kwa kifupi: wenye kipandauso walikuwa kati ya asilimia 4 na 5. Na walioripoti kuumwa kichwa cha aina yoyote ile ndani ya mwaka mzima hawakufika robo ya waliohojiwa.

Hebu simama hapo kwenye robo. Inamaanisha zaidi ya watu 3 kati ya 4 walimaliza mwaka bila kuumwa kichwa hata siku moja. Mwaka wenye jua la Oktoba, kuokota korosho na kushinda shamba na uji wa asubuhi tu. Kweli jamani?

Walichofanya vizuri

Tuwape haki yao kwanza. Wangeweza kukaa hospitali wakahesabu wanaokuja. Wangepata namba ya hovyo kabisa, kwa sababu mtu wa kijijini hapandi bodaboda kwenda hospitali kwa ajili ya kichwa. Anameza Panado, anafunga kitambaa kichwani, analala. Wao walienda mlangoni kwake.

Pia hawakujitungia ugonjwa. Walitumia vigezo vya kimataifa, vilivyotoka mara ya kwanza mwaka 1988: mashambulizi yasiyopungua 5, kila moja likidumu saa 4 hadi 72 lisipotibiwa. Maumivu yawe na sifa angalau 2 kati ya hizi 4: yako upande mmoja, yanagonga kama ngoma, ni ya wastani au makali, na yanazidi ukitembea au kufanya kazi. Juu ya hapo, kuwe na kichefuchefu au kutapika, au mtu asistahimili mwanga na kelele.

Tatizo liko kwenye swali

Vigezo vizuri havisaidii kama mtu ameshachujwa mlangoni. Ukimuuliza mama aliyetoka shamba "unasumbuliwa na kichwa?", atajibu kuhusu kichwa kilichomlaza. Vile vingine ni maisha tu. Akisema "hapana", maswali yote ya mwanga, kelele na kichefuchefu hayamfikii tena.

Linganisha na majirani. Zambia walifanya utafiti wa watu wazima uliochapishwa mwaka 2015: walioumwa kichwa ndani ya mwaka walikuwa kama 6 kati ya 10, na kipandauso kilifika asilimia 22.9. Ethiopia, mwaka 2016, kipandauso kilikuwa asilimia 17.7. Tofauti ya mara nne au tano kati ya Zambia na kusini mwa Tanzania, nchi zinazopakana, ni ngumu kuielezea kwa damu au hali ya hewa.

Sehemu ya tofauti ina maelezo halali. Tafiti hizi mpya huwajumlisha pia wale wanaokosa kigezo kimoja tu, na hilo linapandisha namba. Lakini haliwezi kueleza kwa nini hata maumivu ya kichwa ya kawaida yalipotea. Hao mpya wana ujanja mmoja mzuri: wanauliza pia kuhusu jana. "Jana kichwa kilikuuma?" Jana haisahauliki kirahisi kama mwezi wa tatu.

Neno nalo lina mchezo wake

Kwa Kiswahili tunasema kipandauso, yaani kitu kinachopanda usoni. Ni neno zuri, ila linabeba mengi. Mwingine akisema ana kipandauso anamaanisha mafua yaliyoziba pua na paji la uso. Mwingine ni jino. Na mwenye kipandauso halisi kinachouma kichwa kizima, maana si lazima kiwe upande mmoja, anaweza kusema "mimi sina, changu ni kichwa tu". Ongeza kwamba wazee wengi wa huku wamekulia Kimwera au Kiyao. Dodoso likitafsiriwa neno kwa neno, ugonjwa unabaki njiani.

Halafu kuna malaria

Lindi ni mkoa wenye malaria ya kutosha. Kichwa kinauma, unatapika, mwili umechoka: kila mtu pale nyumbani ameshajua jibu. Mgonjwa anapewa dawa mseto, siku mbili baadaye kichwa kimetulia, na malaria inapata sifa. Kumbe shambulio la kipandauso lingeisha lenyewe ndani ya saa 72! Kwa miaka mingi kipandauso kimejificha humo. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linasisitiza kupima kabla ya kutibu, na kipimo cha haraka kimefika hadi kwenye zahanati. Lakini kipimo kikisema hakuna malaria, swali la pili, "basi ni nini?", mara nyingi haliulizwi.

Namba ndogo inaumiza nani?

Chukua watu wazima 1,000. Kwa namba ya 2004, wenye kipandauso ni 40 hadi 50. Kwa namba ya Zambia ni kama 229. Anayepanga bajeti ya dawa akiona 40 atasema kuna mambo ya haraka zaidi. Wakati huohuo, makadirio ya dunia ya mwaka 2019 yanaweka kipandauso nafasi ya 2 kati ya magonjwa yanayowaishia watu siku za maisha wakiwa hawajiwezi, na nafasi ya 1 kwa wanawake vijana. Binti anayelala kwenye bweni lenye giza siku ya mtihani anaitwa mvivu au mdekaji. Ubongo wake uko kwenye tukio halisi: neva za uso na utando wa ubongo zinamwaga kemikali iitwayo CGRP, na maumivu yanawaka.

Nafuu ipo

Hapa ndipo uchunguzi wenye namba sahihi ungelipa. Dawa za kwanza ni za bei nafuu. Kwa mtu mzima, ibuprofeni miligramu 400 au aspirini miligramu 900, imezwe mapema shambulio linapoanza. Mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito au mtoto asijipe hizi bila ushauri. Anayeshambuliwa mara kwa mara anaweza kuandikiwa propranololi au amitriptilini ya kuzuia. Propranololi haimfai mwenye pumu. Sumatriptani iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021.

Angalizo: ukimeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi zaidi ya mitatu, dawa yenyewe inaweza kuanza kuzalisha kichwa. Kwa dawa zenye mchanganyiko, kama zile zenye kafeini, ni siku 10 tu. Na kichwa kinacholipuka ghafla kuliko vyote ulivyowahi kuumwa, chenye homa na shingo ngumu, chenye kupooza upande, au cha mjamzito mwenye presha, hicho si cha kusubiri. Nenda hospitali leo.

Hukumu yetu? Utafiti wa 2004 ulifungua mlango ambao haukuwahi kufunguliwa huku, na unastahili heshima. Ila asilimia zake zisomwe kama kiwango cha chini: hao ndio walioumwa kiasi cha kumwambia mgeni mlangoni. Anayetafuta mada ya shahada ya uzamili, hii hapa. Rudi kwenye vijiji hivyo, uliza kwa lugha ya watu, na uanze na jana.