Kongowea Angeulizwa Cheti

Wengi wetu tulirithi Siku Njema kutoka kwa kaka au dada, jalada likiwa lishaenda. Riwaya hiyo ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, inamtoa Kongowea Mswahili kule Tanga na kumleta hadi Kitale kumsaka baba yake. Darasani tuliisoma kama hadithi ya bidii: kijana ana akili, anateseka, mwishowe mambo yanajipa. Sawa. Lakini isome saa hii ukiwa upande wa Kipsongo na utajipata ukiuliza swali la kiofisi kabisa: huyu kijana, bila baba na bila karatasi, angesajiliwa shule gani?

Kipsongo ni mtaa wa mabanda hapo Kitale. Familia nyingi pale ni za Waturkana walioondoka kaskazini kwa sababu ya ukame na wizi wa mifugo, na mtu anayekimbia njaa habebi faili. Mjini watoto wao huitwa chokoraa, jina lililokuwepo kabla ya kompyuta. Kwa hivyo sikubaliani na wanaosema teknolojia ndiyo imetuletea ubaguzi. Iliukuta hapa.

Mwaka wa 2017 Wizara ya Elimu ilileta NEMIS, mfumo wa kusajili wanafunzi wote mtandaoni. Shule ilikuwa ikiingiza nambari ya cheti cha kuzaliwa, mfumo ukitoa nambari ya mwanafunzi, na pesa za serikali zikifuata nambari hiyo: shilingi 1,420 kwa mwaka kwa mtoto wa shule ya msingi, 22,244 kwa wa sekondari. Nia haikuwa mbaya. Wanafunzi hewa walikuwepo, na kuna watu walikuwa wanakula pesa zao. Shida ni kwamba chombo cha kuwafuta wasiokuwepo kilianza kuwafuta waliopo. Mtoto ameketi dawatini, ana kalamu, anajibu hesabu, lakini kwenye skrini hayupo. Ili awepo anahitaji cheti. Cheti cha kuchelewa kinataka kitambulisho cha mzazi na barua ya chifu. Na mzazi mwenyewe huenda hajawahi kushika kitambulisho. Mwalimu mkuu mwenye utu atampokea tu, halafu anyooshe pesa za watoto wengine zimtoshe na huyu. Mwingine atamwambia mama akatafute karatasi kwanza.

Na hapo ndipo riwaya inanisaidia kuona kitu. Kwa Walibora, dharau ina sura na sauti. Unajua ni nani wa kumkasirikia. NEMIS haimtukani mtu. Mama haambiwi "nyinyi Waturkana." Anaambiwa hajakamilisha. Tusi limegeuka kuwa kosa lake, na karani anayemwambia hivyo anaweza kuwa mtu mpole kabisa.

Mchezo unaendelea hadi chuo kikuu. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023 unakutaka ujaze fomu mtandaoni, halafu unapimwa umaskini wako na kuwekwa kwenye bendi. Mwaka wa 2024 wanafunzi wengi walilalamika kwamba wamepangwa na matajiri, na Desemba ya mwaka huo Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka Katiba. Mimi nilikuwa nishaacha chuo kwa ajili ya karo, so bendi haikunigusa. Lakini nimekaa saiba nikisaidia vijana na ile fomu. Inauliza mapato ya familia kwa mwezi. Sasa kama mama anafua nguo za watu, leo kapata mia tatu, kesho hakuna, unaandika ngapi? Unabuni. Unatunga mzazi mwenye mshahara ili swali lipate jibu, na serikali inaisoma hiyo hadithi ya kubuni kama ukweli. Wahakiki wa fasihi wangekuwa na kazi nzuri pale.

Ningeanza na kitu kidogo: hesabu watoto walio darasani, walipiwe, cheti kifuate baadaye, na ofisi ndiyo imfuate mzazi mtaani badala ya mzazi kuzunguka na nauli asiyo nayo.

Walibora alifariki Aprili 2020, wiki chache baada ya shule zote kufungwa na masomo kuhamia redio, runinga na simu. Ningependa sana kujua angemwandikia nini Kongowea wa mwaka ule, mwenye kabambe ya kuazima kwa jirani na asiye na bando.