Ahabu na Shamba la Kiguunda: Tuusomeje Ukristo wa Nitaolewa Nikipenda?

Kila tunapofundisha tamthilia ya Nitaolewa Nikipenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, huzuka mjadala ule ule darasani hapa Uganda. Baadhi ya wanafunzi wetu hudai kwamba tamthilia hii inamtukana Kristo. Wengine huishangilia kwa sababu hiyo hiyo. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zimesoma kwa haraka.

Tuanze na majina. Tajiri anayemshawishi Kiguunda afunge ndoa ya kanisani anaitwa Ahab Kioi, na mkewe ni Jezebel. Katika Biblia, mfalme Ahabu alitwaa shamba la mizabibu la Nabothi baada ya Yezebeli kula njama mwenyewe akauawa. Kiguunda naye ana ekari moja na nusu tu. Anaiweka rehani apate mkopo wa arusi, na mwishowe shamba linaangukia mikononi mwa Kioi. Watunzi basi wanampima Mkristo tajiri kwa mizani ya Biblia yake mwenyewe. Anayehukumiwa ni Ahabu, si nabii Eliya aliyemkemea.

Hata hivyo, tuna lawama moja. Eliya huyo hatumwoni jukwaani akiwa muumini. Anayemtetea mnyonge ni Gicaamba, mfanyakazi wa kiwandani, ilhali wanaojinadi kuwa Wakristo wamechorwa kwa rangi moja. Tamthilia iliigizwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977. Katika miaka ya 1990 padre Alex Zanotelli, mmisionari kutoka Italia, aliishi katika mtaa wa mabanda wa Korogocho, Nairobi, pamoja na watu wanaotafuta riziki jalalani. Kioi anamtaka maskini apambwe kwanza ndipo akubalike. Padre huyu aliwafuata maskini walipo. Hatuwalaumu watunzi kwa kutomjua mtu ambaye hakuwa amefika, bali kwa kutowazia kuwa ufuasi wa namna hiyo unawezekana.

Kwa walimu wenzetu tuna pendekezo. Badala ya kuuliza kama tamthilia inapinga dini, tuwaulize wanafunzi: mfuasi wa Kristo akiingia nyumbani kwa Kiguunda, angeketi upande wa nani, na angesema nini juu ya ile hati ya shamba iliyotundikwa ukutani? Swali hilo halitaachia wanafunzi peke yao kazi ya kujibu. Sisi tunaolifundisha tukiwa na mishahara na viwanja vyetu tutaulizwa pia.