Nakala, Toleo na Idhini: Uhakiki wa Programu ya MLDonkey kwa Mtazamo wa Fasihi Simulizi ya Liparamba na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki MLDonkey, programu huria inayowezesha kompyuta za watumiaji kubadilishana faili moja kwa moja kupitia mitandao kadhaa. Lengo ni kupima hoja kwamba mfumo wa aina hiyo unafanana na fasihi simulizi na hivyo unafaa kuihifadhi na kuisambaza katika maeneo kama Liparamba. Inabainishwa kwamba mfanano huo ni wa juujuu. Mfumo huu unatambua nakala, ilhali fasihi simulizi huishi kwa matoleo. Unadai muunganisho wa kudumu, ambao simu ya kijijini haina. Tena hauna nafasi ya idhini. Hata hivyo, muundo wake wa kiini kimoja kinachohudumia njia nyingi unatoa funzo kwa hifadhi za vyuo vikuu.

1.0 Utangulizi

Liparamba ni kata ya Wilaya ya Nyasa, Mkoa wa Ruvuma, karibu na mpaka wa Msumbiji. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Katika ukanda huu hukutana Wanyasa wa ufukweni, Wamatengo wa milimani na Wangoni, na kila jamii ina ngano, nyimbo na ngoma zake. Utafiti wa fasihi ya jamii za namna hii kwa kawaida hufuata mkondo mmoja: mtafiti hufika kijijini, hurekodi, hunukuu, hufasiri, kisha hurudi chuoni. Tasnifu hukubaliwa na kuwekwa katika hifadhi ya mtandaoni ya chuo. Kwa kanuni, kazi hiyo iko wazi kwa ulimwengu wote. Kwa hali halisi, bibi aliyesimulia ngano na wajukuu wake ni miongoni mwa watakaoifikia kwa shida kubwa zaidi, na mara nyingi sauti yenyewe haimo. Lililomo ni andiko tu.

Upungufu huo unazaa hoja yenye mvuto: badala ya ghala moja chuoni, kwa nini kazi hizi zisiwekwe katika mtandao usio na kitovu, ambamo kila mpokeaji ni mtoaji pia? Je, si hivyo ndivyo ngano ilivyosafiri tangu zamani? Makala haya yanaichunguza hoja hiyo kwa kuihakiki MLDonkey kama matini yenye mantiki na dhana zake, kwa kutumia mtazamo wa utendaji katika fasihi simulizi.

2.0 Programu na Mantiki Yake

MLDonkey ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Fabrice Le Fessant, mtafiti wa taasisi ya INRIA nchini Ufaransa. Imeandikwa kwa Objective Caml, mojawapo ya lugha za ukoo wa ML, na hapo ndipo zilipotoka herufi mbili za mwanzo wa jina lake. Sehemu iliyobaki inatokana na eDonkey2000, mtandao wa kwanza uliolengwa. Baadaye iliongezewa uwezo wa kuwasiliana na BitTorrent, Gnutella, Direct Connect na mitandao mingine. Ilitolewa kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuisoma, kuirekebisha na kuisambaza.

Sifa yake kuu ni kutenganisha kiini na sura. Kiini hufanya kazi chinichini bila kuonekana, nacho kinaweza kukaa katika kompyuta moja na kuendeshwa kutoka nyingine kwa kutumia kivinjari. Mtumiaji hahitaji kujua kila mtandao una lugha gani. Kiini ndicho mkalimani.

Historia inaonyesha nguvu ya muundo huo. Napster, iliyoanza mwaka 1999, ilitegemea orodha iliyokaa katika seva zake yenyewe. Ilipobanwa na mahakama za Marekani mwaka 2001, huduma yote ilizimika. Kampuni ya MetaMachine, mwenye eDonkey2000, nayo ilisalimu amri mwaka 2006, lakini mtandao wake haukufa, kwa kuwa programu huria kama eMule na MLDonkey ziliendelea kuuhudumia. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, tukio hili linakumbusha jambo analolijua: kundi la ngoma linaweza kuvunjika na ngoma ikabaki.

Mwambao wa Ziwa Nyasa una mfano wake. Mganda, ngoma inayohusishwa na historia ya beni iliyochunguzwa na Ranger (1975), umeenea pande zote mbili za ziwa, na upande wa Malawi huitwa pia malipenga. Haukuenezwa na ofisi yoyote ya utamaduni. Ulienezwa na vikundi vilivyotembeleana, kushindana na kuigana.

3.0 Uhakiki

3.1 Nakala si toleo

Katika mtandao wa eDonkey, faili hugawanywa katika vipande vya baiti 9,728,000, na kila kipande hupewa alama ya utambulisho inayokokotolewa kwa kanuni ya MD4. Alama hizo ndizo zinazowezesha vipande kutoka kwa watu wasiojuana viunganishwe bila kosa. Baiti moja ikibadilika, alama hubadilika, na kwa mfumo hilo huwa faili jingine lisilo na uhusiano wowote na la kwanza.

Fasihi simulizi ina mantiki iliyo kinyume. Lord (1960) alionyesha kwamba kila utendaji wa mshairi simulizi ni uumbaji kamili. Hakuna asilia moja ambayo mengine ni nakala zake. Mulokozi (1989) naye anaitazama fasihi simulizi kama tukio linalofungamana na fanani, hadhira na muktadha. Kwa mtazamo huo, ngano moja ya sungura ikisimuliwa na wasimulizi watatu, jamii itasema ni ngano ileile iliyotolewa mara tatu. MLDonkey itasema ni faili tatu. Uhusiano wa matoleo, ambao ndio kiini cha utafiti wetu, haumo katika mantiki ya programu.

Athari yake ni kubwa kuliko suala la uainishaji. Faili hudumu katika mtandao wa aina hii mradi yupo anayeendelea kulitoa. Wimbo unaopendwa una maelfu ya watoaji, ilhali toleo adimu la ngano ya Kimatengo huenda likawa na mmoja. Siku atakapozima kompyuta yake, toleo hilo halitapatikana tena. Mfumo unaosifiwa kwa kutouawa na mahakama unaweza, bila kesi yoyote, kuua kilicho adimu.

3.2 Rika asiyefikika

Mfumo huu huwahesabu washiriki wote kuwa wa rika moja. Lakini eDonkey yenyewe hugawa vitambulisho vya daraja mbili. Kompyuta inayoweza kupokea miunganisho kutoka nje hupewa kitambulisho cha juu. Isiyoweza hupewa cha chini, na mbili za daraja la chini haziwezi kupeana faili moja kwa moja. Simu zinazotumia data za kampuni za simu kwa kawaida hukaa nyuma ya anwani inayoshirikiwa na wengi, kwa hiyo huangukia daraja la chini. Matokeo yake ni kinaya: vijana wawili walioketi benchi moja Liparamba wasingeweza kupeana wimbo kupitia mtandao huo, ingawa mmoja angemwambia mwenzake “nirushie” na wimbo ukafika kwa Bluetooth.

Aidha, programu hizi zilikua pamoja na intaneti ya malipo yasiyobadilika kwa mwezi, ambapo kutoa hakumgharimu mtoaji zaidi. Anayenunua kifurushi hulipia kila megabaiti, iwe ya kupokea au ya kutoa. Ukarimu unaochukuliwa na programu kuwa wa bure humla mtoaji salio lake.

3.3 Idhini

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi. Katika jamii nyingi za kusini mwa Tanzania, nyimbo za jando na unyago huimbwa mbele ya hadhira maalumu, nayo mipaka ya hadhira ni sehemu ya maana yake. Mwimbaji anaporuhusu kurekodiwa kwa ajili ya utafiti, hajaruhusu kila sikio. Hifadhi ya chuo inaweza kufunga faili iwapo jamii italalamika. Mtandao usio na kitovu hauna wa kulalamikiwa, kilichosambaa hakirudishwi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda pia sanaa za jadi, na Itifaki ya Swakopmund iliyopitishwa na ARIPO mwaka 2010 inazitambua jamii kuwa wenye mali. Kwa upande wake, leseni ya GPL huhusu programu tu. Haihusu kinachopitishwa humo. Uhuria wa chombo haumpi mtumiaji haki ya kukifanya huria kila kinachobebwa na chombo hicho. Mara nyingi mambo haya mawili huchanganywa, na gharama ya mkanganyiko humwangukia msimuliaji.

4.0 Hitimisho

Uhakiki huu haukusudii kuitetea hifadhi ya chuo kama ilivyo sasa. Hifadhi inalinda kilicho adimu na inaweza kuheshimu idhini, lakini haifiki Liparamba. Mtandao wa rika husambaza kwa wepesi, lakini hautunzi kilicho adimu, wala hauulizi. Funzo la kuchukuliwa kutoka MLDonkey ni kwamba kiini kimoja kinaweza kuhudumia njia nyingi. Chuo kikiwa kiini, kinachotunza sauti, jina la fanani, matoleo yote na masharti ya idhini, njia za kutokea zinaweza kuwa zile ambazo wenyeji wanazo tayari: kadi za kumbukumbu, redio, maktaba za shule na kurushiana kwa simu.

Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba kila tasnifu ya fasihi simulizi ieleze, sambamba na mbinu za ukusanyaji data, mbinu za kuirejesha kwa jamii: ni kipi kimerudishwa, kwa njia ipi, na kwa ruhusa ya nani. Watahini huuliza data zilipatikanaje. Swali la zilirudije nalo linastahili kuulizwa katika utahini huohuo, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua iwapo kizazi kijacho cha Liparamba kitazisikia ngano hizi kwa sauti za wazee wake, au kitazisoma tu kama viambatisho vya tasnifu.