Maneno ya Kukuza na Mizani Yake

Mwaka 1852 Peter Mark Roget, tabibu wa Kiingereza, alitoa mjini London kitabu kilichopanga maneno kwa makundi ya dhana bila kueleza maana zake. Kusudi lake lilikuwa kwamba mwandishi mwenye wazo moyoni apate neno la kulivika. Kazi hiyo ni kubwa, na sifa yake ni haki. Lakini katika kundi la ongezeko "augment", "enlarge", "enhance", "magnify" na "exaggerate" huketi pamoja kama ndugu wa tumbo moja. Na mwanafunzi asiyejua tabia zao huchagua lililo refu, akidhani ndilo lenye adhama.

Tabia zao si moja. "Enlarge" hupanua umbo au eneo. "Augment" huongeza juu ya kilichokuwapo. "Enhance" asili yake ni kuinua, kwa hiyo hupenda kufuatwa na sifa njema, kama thamani, uzuri au heshima. Haliwi neno la maumivu. "Magnify" ni kazi ya kioo cha kukuzia: kitu hubaki kilivyo, macho ndiyo huona zaidi. "Exaggerate" asili yake ni kurundika, na siku hizi ni kile Waswahili wakiitacho kutia chumvi.

Tuseme mfasiri ana habari kwamba mtawala fulani alizidisha dhiki ya wakulima. Akiandika "magnified", msomaji aweza kufahamu kuwa dhiki ilikuwa ndogo, na mtawala aliifanya ionekane kubwa. Dhalimu amegeuka mtia chumvi tu, na wakulima wamenyimwa ushahidi wao. Neno lililotakiwa ni "aggravated", ambalo asili yake ni uzito. Kosa la namna hii si la ufasaha peke yake. Ni kosa juu ya kweli.

Wala Kiswahili hakikosi mizani hii. Mtoto hukua, homa huzidi, mshahara huongezwa. "Kuongeza" ni la Kibantu, "kuzidi" asili yake ni Kiarabu. Yote mawili ni wenyeji wetu, wala hakuna liwezalo kukaa siku zote mahali pa mwenzake. Ajuaye hayo katika lugha yake asisahau anapoandika ya wengine.

Basi kitabu cha Roget kitamfaa sana mwenye kutafuta neno alijualo lakini limempotea. Asiyelijua na aanze kwa kamusi.