Ya Tatu Mpe Jembe: Uhakiki wa Methali Moja Mpakani

Hapana methali ifafanuliwayo kwa haraka madarasani mwetu kama ile isemayo: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu huiandika ubaoni, huwaambia wanafunzi kwamba inakanya uvivu na kumwonya mgeni asiyepima ukarimu wa wenyeji, kisha huendelea na nyingine. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba ufafanuzi huo ni finyu, na kwamba hapa Busia na Tororo, ambako mpaka wa Kenya na Uganda umepita katikati ya jamaa za Wasamia na Waiteso, ufinyu huo una madhara.

Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa Busia insha juu ya methali hii. Karibu wote waliandika kwamba mgeni akikawia afukuzwe. Mmoja tu, binti asiyesema sana darasani, aliandika kwamba jembe bila shamba ni mzigo. Nilimtilia alama ya kosa, kwa kuwa hayo hayakuwamo katika majibu niliyoyazoea. Baadaye niliufuta wino ule mwekundu, maana yeye peke yake ndiye aliyeisoma methali yenyewe.

Na tuisome basi. Wahenga hawakusema: ya tatu mfukuze. Walisema: mpe. Kitendo ni kile kile cha kukirimu. Kilichobadilika ni kitu kinachotolewa. Siku mbili mgeni hupewa chakula. Ya tatu hupewa kazi, na anayepewa jembe hana budi kuonyeshwa pa kulima. Tena hesabu inakoma hapo. Methali haina siku ya nne, kwa sababu aliyeshika jembe si mgeni tena, ni mwenzi wa shambani.

Historia ya mpaka huu yaonyesha yaliyotupata tulipoisahau siku ya tatu. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza kutoka Uganda maelfu ya vibarua Wakenya, watu waliokwisha kushika jembe kwa miaka mingi. Miaka miwili baadaye, tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alisimama mbele ya askari katika kambi ya Tororo akatangaza kwamba Waasia waondoke nchini. Muda uliowekwa ulikuwa siku 90. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Uganda, na baadhi walikuwa raia. Lakini waliitwa wageni, wakaitwa pia wahujumu wa uchumi. Jina lilipokwisha kutolewa, amri ilifuata bila taabu.

Wako wasemao kwamba chuki ni jambo la moyo, na sheria haifiki moyoni. Nakiri kwamba manung'uniko juu ya maduka na bei yalikuwapo kabla ya Amin, na mengine yalikuwa na sababu, maana ukoloni uliwagawia watu kazi na biashara kwa rangi zao. Hata hivyo, manung'uniko ya dukani hayawezi peke yake kuwaondoa watu nchini kwa siku 90. Amri ya serikali ndiyo iliyoyapa meno. Basi, kama sheria yaweza kuipa chuki meno, sheria yaweza pia kuyang'oa.

Sisi walimu wa Kiswahili tusijitoe katika lawama. Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini kwa Waganda wengi wa wakati ule kilikuwa lugha ya askari na amri zake. Lugha tunayoisifu kwa ukarimu ilisikika ikifokea watu. Doa hilo halifutiki kwa kusifu. Hufutika kwa kuitumia lugha hiyo hiyo kumweleza mtu haki yake.

Kisha mambo yakageuka. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipoitikisa Kenya, Wakenya wapatao 12,000 walikimbilia Uganda, wengi kwa kuvuka Busia na Malaba. Walipokelewa Mulanda, katika wilaya ile ile ya Tororo ilikotangazwa amri ya 1972, na baadaye wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Aliyekuwa mwenyeji jana akawa mgeni leo.

Hapo ndipo uhakiki wa methali unapokutana na uhakiki wa sheria. Sheria ya zamani ya Uganda, ya mwaka 1960, ilikuwa ya kuwadhibiti wakimbizi wageni. Jina lake pekee lilimtazama mkimbizi kama kitu cha kufungiwa. Ile ya 2006 inaitwa Sheria ya Wakimbizi tu, nayo yampa mkimbizi haki ya kutafuta kazi na ya kutembea, na katika makazi yao wakimbizi hugawiwa vipande vya kulima. Sera ya nchi hiyo yataka pia asilimia 30 ya misaada iwafikie wenyeji, ili jirani asione kwamba mgeni anakula peke yake. Huo ndio werevu wa siku ya tatu. Kasoro ni kwamba watu wameongezeka na vipande vimepungua, na njaa ya wote wawili huweza kuirudisha chuki.

Kenya nayo ilitunga sheria mpya mwaka 2021, inayomruhusu mkimbizi kufanya kazi au biashara, mradi awe na sifa zinazotambuliwa na mamlaka za nchi. Hapa namkumbuka binti yule. Fundi aliyekimbia usiku hakubeba cheti. Kumwambia alime huku karatasi ikimzuia kufika shambani ni kumpa mpini usio na jembe.

Sheria zote hizi zimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali mwenye kibanda sokoni Busia na mkimbizi anayeuza mboga kando yake hugombana na kupatana kwa Kiswahili. Nani atawaambia kwamba sheria imekwisha kuwapatanisha? Kenya imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi tangu katiba ya 2010, na Uganda ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya 2005. Chama chetu kingefanya jambo la maana kikitafsiri vifungu vichache vya sheria hizo, vikasomwa darasani sambamba na methali zetu.

Na katika mitihani, ndugu walimu, tuache kuuliza methali hii inamkanya nani. Tuwaulize wanafunzi: huyu aliyepewa jembe, alime wapi?