Ukuta Unasema na Nani? Michoro na Maandishi ya Afya Mitaani Tanga

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoeshwa kuamini kwamba kazi ya sanaa lazima iwe na jalada. Riwaya, diwani, tamthiliya: hizo ndizo tunazozichambua fani na maudhui mpaka zinachoka. Lakini anayetoka Ngamiani kwenda Makorora kwa baiskeli, kama wafanyavyo watu wengi wa Tanga, husoma kuta nyingi kuliko vitabu. Kuta hizo zina msanii, zina hadhira na zina dhamira. Na zile zinazohusu afya, nathubutu kusema, nyingi ni fasihi mbovu. Ubovu huo hautokani na rangi wala brashi.

Tuanze na utanzu mkongwe: USIKOJOE HAPA. Mara nyingi huongezewa faini, na faini yenyewe hupanda kila ukuta unapopakwa chokaa upya. Nani hajauona? Na chini yake panavunda vile vile. Mtunzi ameamuru, basi. Msomaji wake hamjui, wala hajiulizi choo cha karibu kiko wapi. Michoro ya zahanati ni ndugu wa maandishi haya. Mama kakaa na mtoto ndani ya chandarua, wote wanatabasamu, na juu yao amri: tumia chandarua, nawa mikono, chemsha maji. Wahusika hawa bapa hawajui joto la usiku wa kaskazi, chandarua chao hakijatoboka, na hakuna anayembishia mwenzake. Mgogoro hakuna kabisa. Ingekuwa hadithi fupi, tungeitupa.

Linganisha na Fataki. Alianza kusikika redioni mwaka 2008, kisha akapanda kwenye mabango: mtu mzima mwenye vijisenti, anayewanyemelea mabinti wa shule, katika nchi ambayo virusi vya Ukimwi vilikuwa vikiwapata wasichana mapema kuliko wavulana. Nguvu yake ilikuwa katika jina. Redioni alikuwa anatokea mtu wa pembeni na kumharibia mpango wake, na msikilizaji akajifunza kwamba hata yeye anaweza kuuharibu. Haikuchukua muda jina likashuka vijiweni. Watu wakawa wanamzomea mtu mzima kwa neno moja tu. Hiyo ndiyo kejeli, na sisi wa pwani, tunaosemana kwa kanga na taarabu, hatukuhitaji kufundishwa namna ya kuitumia. Nina ugomvi naye hata hivyo. Binti mwenyewe hakupewa kauli ya maana. Tunamcheka jamaa, na binti anaokolewa tu, kama mzigo.

Nairobi nako, mwaka 2020, vijana wachoraji wa Mathare walipaka ukutani, kwa Kiingereza, kwamba korona ipo kweli. Sentensi hiyo inaonekana nyepesi mpaka ukumbuke kwamba inamjibu mtu: yule wa mtaani aliyekuwa akisema haipo. Ukuta uliingia kwenye mabishano ya watu.

Tanga tuna mabishano yetu, na hapa ndipo kuta zetu zinaponiudhi hasa. Pwani yetu ni nchi ya matende na mabusha tangu zamani. Serikali ilianza kugawa dawa za kinga mwaka 2000 huko Mafia, kisha zikafika mikoa mingine, huku kwetu pia. Sasa kaa kijiweni uulize busha linatokana na nini. Utaambiwa madafu! Imani hii imeenea pwani nzima, na mtu anayeiamini hana sababu ya kumeza dawa ya ugonjwa unaoletwa na mbu. Ataacha madafu, yaishe. Sijaona ukuta hata mmoja mjini uliomchora muuza madafu na kumjibu mtu huyu. Umechorwa mguu uliovimba, ukaandikwa meza dawa. Busha lenyewe halichorwi, kwa aibu. Mwanamume analificha ndani ya kanzu na sanaa inamsaidia kulificha.

Mwenzangu mmoja wa darasani alinipinga: mambo ya afya yanataka lugha nyoofu, ukianza mafumbo utaua watu. Kwenye kipimo cha dawa nakubaliana naye, hapo pasiwe na fumbo hata chembe. Lakini fumbo la pwani halijawahi kumficha anayesemwa. Akipita mwenye kanga yake, kila jirani anajua nani kapigwa kijembe.

Mafundi tunao. Tazama vibanda vya vinyozi vya Ngamiani: vichwa vile vimechorwa na watu wanaojua kumtazama binadamu, tena kwa ucheshi. Apewe mmoja wao ukuta, dafu, na mbu aliyetoka kwenye shimo la choo, maana huko kwenye maji machafu ndiko anakozaliana mmoja wa mbu wanaoeneza ugonjwa huu. Maneno ya chini tumwachie mwenyewe ayatunge, ila amri asiweke.