Usia Usiosubiri Jibu

Usia ni mlango wa kale katika nyumba ya ushairi wa Kiswahili. Wapenzi wa tungo wa Pwani huuingia kwa Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Wakiendelea humkuta Shaaban Robert, aliyemwandikia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Ni nadra mlango huo kutazamwa kutoka bara, mathalani kutoka Misungwi, kusini mwa jiji la Mwanza, katika nchi ya Wasukuma, wafugaji na wakulima wa pamba na mpunga. Ukitazamwa kutoka huko, huonekana kasoro ambayo mazoea ya Pwani yameificha: mwenye kuusiwa hapewi nafasi ya kusema.

Nguvu ya utendi wa Mwana Kupona imo katika ukaribu wake kuliko katika maamrisho yake. Mama anamwita bintiye aketi karibu, na wino na karatasi mkononi. Mwenye kuusiwa ana jina na nasaba, na mwenye kuusia anatoa maisha yake ya ndoa yawe ushahidi. Msomaji wa leo aweza kuyakataa mengi anayoagizwa mke humo, lakini hawezi kudai kwamba msemaji hamjui anayesema naye. Hata hivyo, binti anaandika tu. Katika beti takribani 100 hatusikii swali lake hata moja.

Wasukuma nao walikuwa na shikome, moto wa jioni uliokokwa kando ya zizi la ng'ombe, ambapo wazee waliketi na vijana wa kiume kwa hadithi, methali na vitendawili. Mtegaji husema "Kalagu!" na wasikilizaji huitikia "Kize!", kama vile Pwani isemavyo "Kitendawili!" na "Tega!" Akishatega, hana budi kunyamaza. Kimya hicho ndicho mafunzo yenyewe: mtoto hubahatisha, hukosea, huchekwa, hujaribu tena, na siku akipatia, mzee hukubali mbele ya wote. Lakini shikome nayo ilikuwa na upungufu wake. Ulikuwa moto wa wanaume. Binti alifundwa kwingine, na wanawake, kazi zikiendelea.

Ingalidhaniwa kwamba ngonjera ingeliziba pengo hilo. Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma aliyefariki mwaka 1969, aliutia nguvu mpya ushairi wa majibizano baada ya Azimio la Arusha la 1967, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vikatoka baada ya kifo chake. Shule za Tanzania ziliupokea utungo huo kwa mikono miwili, kwani hapa mtoto alipewa sauti. Ila sauti ya namna gani? Kanuni ya ngonjera ni kwamba asiyejua hupinga, ajuaye hueleza, na mwishoni asiyejua hukiri. Anayeuliza ameshashindwa kabla hajafungua kinywa. Ni majibizano yenye jibu lililoandikwa na mtu mmoja, naye ni mtu mzima.

Msomaji aliyehudhuria mahafali ya shule ya msingi, iwe Misungwi au kwingineko nchini, anaujua mpangilio wake. Safu mbili za watoto husimama mbele ya mgeni rasmi. Mada ni utoro, UKIMWI, ama mimba za utotoni. Msichana wa miaka 13 hutoa beti za majuto za mhusika aliyepata ujauzito, mwenzake humsuta, kisha wote, kwa sauti moja, huahidi kusoma kwa bidii. Vina vimepangika, mizani imetimia, makofi yanapigwa. Mara nyingi hapana ubeti unaouliza mwanamume wa kisa hicho yuko wapi, au binti afanye nini pale anayemtaka ni mtu anayepaswa kumwamkia kwa heshima. Mtoto amefundishwa kujuta kwa vina. Kukataa hakufundishwa.

Si neno dogo hilo. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi shuleni. Mhusika aliyefungiwa mlango katika ubeti wa mwisho sasa ana dawati. Yamkini ameketi mstari wa tatu, akiwasikiliza wenzake wakimsuta kwa mashairi, na utungo haukumwachia hata kipande kimoja cha kujitetea. Usia usiosubiri jibu huchakaa namna hiyo, kwa maana dunia hubadilika nao haujui. Watoto wa Kigongo, humo humo Misungwi, walilelewa katika busara za kungoja kivuko. Tangu Juni 2025 wana daraja la kilomita 3 hadi Busisi. Aliyekariri busara za kivuko hana la kufanya nazo darajani. Aliyezoea kuuliza atauliza tena.

Watakuwapo watakaosema kwamba mtoto akiachiwa kujibu atakosa adabu. Hoja hiyo hawezi kuitoa mshairi wa Pwani bila kujisuta. Tangu enzi za Muyaka washairi wamejibizana, wamepingana na kukosoana hadharani, na hakuna aliyehesabu jibu kuwa utovu wa adabu maadamu vina na mizani viliheshimiwa. Bahari ya ushairi iliwapa watu wazima haki ya kutokubaliana kwa staha. Haki hiyo hiyo ndiyo wanayonyimwa watoto, na ndiyo wanayoihitaji zaidi siku watakapokutana na mtu mzima asiyestahili kutiiwa.

Mtunzi wa ngonjera ya shule aweza kuanza na jambo dogo: atunge beti za mzee, na beti za mtoto awaachie watoto wenyewe, wavulana kwa wasichana, bila kuwawekea ubeti wa mwisho wa kukiri. Huenda vina vikapinda na mizani ikapungua. Huenda pia mgeni rasmi akaulizwa jambo asilolitarajia, akalazimika kufikiri kabla ya kujibu.